Mchezo wa Kanga: Mume Asiondolewe

Nataka kutoa katika gazeti letu la muhula huu maoni yangu juu ya mchezo ambao Chama cha Maigizo kimekuwa kikiufanyia mazoezi tangu shule ifunguliwe. Najua kwamba habari zake zimekwisha zungumzwa sana mabwenini, jikoni na hata katika chumba cha walimu, na kwamba wengine wamechoka kuzisikia. Lakini mengi yanayosemwa si kweli, na uamuzi wenyewe utatolewa kabla ya Siku ya Wazazi. Kwa hiyo yafaa walimu na wazazi wetu wausikie na upande wa wachezaji.

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi moja usiku. Mwalimu wetu wa Historia, ambaye hupenda kutuonyesha vitu vya kale, alifunga projekta ya shule katika bwalo la chakula, akatundika shuka nyeupe ukutani, akatuambia kwamba tutaona sinema ya Kifaransa ya mwaka 1928. Kusema kweli tulinung'unika. Wengi tulitazamia sinema ya vita au ya Kihindi. Tena akaongeza kwamba sinema hiyo haina sauti wala rangi, na kwamba maandishi yake machache atatusomea yeye mwenyewe. Wasichana wa Kidato cha Pili walijiandaa kusinzia kabla hata taa hazijazimwa. Baada ya robo saa hapakuwa na mtu aliyesinzia.

Sinema hiyo huitwa Un chapeau de paille d'Italie, yaani kofia ya mabua ya Italia, na aliyeitengeneza ni René Clair. Lakini hadithi haikuwa yake. Ilikuwa mchezo wa jukwaani ulioandikwa na Eugène Labiche pamoja na mwenzake Marc-Michel, ukachezwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi wa Agosti, mwaka 1851. Kijana mmoja, jina lake Fadinard, yuko katika siku yake ya kuoa. Njiani, katika msitu wa Vincennes, farasi wake anaona kofia ya kike imetundikwa kichakani, anaitafuna. Mwenye kofia ni mke wa mtu, naye yumo humo kichakani pamoja na askari ambaye si mume wake. Sasa hawezi kurudi nyumbani bila kofia, maana mumewe ana wivu mkali na atauliza imekwenda wapi. Basi askari anamfuata bwana arusi hadi nyumbani kwake na kumwambia kwamba asipoleta kofia nyingine kama ile ile, vyombo vyote vya nyumba yake mpya vitavunjwa. Fadinard anatoka mbio kutafuta kofia, na huku bibi arusi, baba mkwe, wajomba na mashangazi wote wanamfuata nyuma kama vifaranga, wakidhani kila mlango anaoingia ni mahali pa arusi. Anafika hata nyumbani kwa yule mume mwenye wivu, akamkuta anakanda miguu yake katika beseni la maji. Na baada ya kuhangaika kutwa nzima, inagunduliwa kwamba kofia ya namna ile ile ilikuwa nyumbani kwa Fadinard tangu asubuhi, ndani ya boksi, zawadi ya arusi kutoka kwa mjomba mzee asiyesikia vizuri.

Hiyo ndiyo hadithi. Ukiisimulia hivi inaonekana ya kitoto. Lakini ukiitazama, unaona kwamba kila mtu ndani yake ana haraka ya kweli na hofu ya kweli, wala hakuna hata mmoja anayejua kwamba anachekesha. Ndiyo sababu inachekesha.

Jambo lililonishangaza zaidi nililijua baadaye, nilipomwuliza Mwalimu. Mchezo wa Labiche umejaa maneno. Watu hubishana, hujibizana, hata huimba. Mtu akiutoa mchezo kama huo jukwaani na kuutia katika sinema isiyo na sauti, amebakiza nini? Clair angaliweza kuweka kamera mbele ya jukwaa na kutupigia picha za watu wanaochezesha midomo, nasi tungalilala kama tulivyokusudia. Hakufanya hivyo. Aliyaacha maneno, akampa kila mtu kitu chake. Baba mkwe ana viatu vinavyombana. Mjomba ana pembe ya kusikilizia. Bwana mwingine amepoteza glavu moja. Katika sehemu moja meya anatoa hotuba ya kufungisha ndoa, na tai ya bwana mmoja imeteremka shingoni. Mkewe anamwashiria airekebishe. Yeye haelewi, lakini wanaume wengine wanaiona ishara, na kila mmoja anadhani anaambiwa yeye. Basi mmoja baada ya mwingine wanashika tai zao. Bwalo zima lilicheka, na mwenzangu aliyekaa karibu nami, ambaye hajapata kuvaa tai isipokuwa ya shule, akashika shingo yake.

Tena aliihamisha hadithi kutoka siku za Labiche hadi mwaka 1895, mwaka ule ule ambao ndugu wawili Lumière walianza kuonyesha sinema zao mjini Paris kwa watu waliolipa kiingilio. Hakuna aliyemshitaki kwamba ameiharibu kazi ya Labiche.

Nasema haya kwa sababu wako wanafunzi, na nasikia hata mwalimu mmoja, wanaosema kwamba mchezo wa Kifaransa uchezwe kama ulivyoandikwa au usichezwe kabisa. Sisi watu wa Mara ndio wa mwisho tunaopaswa kusema hivyo. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyesoma hapa Musoma katika shule ya Mwisenge, aliitia katika Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare. Wa kwanza ulitoka mwaka 1963, akausahihisha na kuutoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wa pili, uliotoka mwaka huo wa 1969, ni Mabepari wa Venisi. Litazameni jina hilo vizuri. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akaandika mabepari, tena wengi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Hapana atakayedhani kwamba hakujua Kiingereza. Alijua ni watu gani watakaousoma na ni jambo gani lililokuwa mbele yao. Na watu husahau kwamba mchezo huo wa pili huhesabiwa miongoni mwa michezo ya Shakespeare ya kuchekesha.

Wafaransa nao si wageni katika Kiswahili. Molière alitafsiriwa na A. Morrison, Mchuuzi Mwungwana ulitoka mwaka 1961, na uko mwingine uitwao Tabibu Asiyependa Utabibu. Kwa hiyo babu zetu walikwisha wacheka Wafaransa kabla yetu. Na kwa wale wanaosema kwamba kuchekesha si kazi ya watu wenye akili, nitasema mawili tu kisha nipite: Labiche aliingizwa katika Chuo cha Wanazuoni wa Ufaransa mwaka 1880, na Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1962, aliwahi kuigiza katika sinema za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu.

Sasa nieleze tulivyofanya sisi. Kofia ya mabua tuliiacha. Hapa kwetu mwanamke akipoteza kofia hakuna atakayemwuliza. Lakini kanga! Kanga ina maneno yake, na mume anayejua kusoma ayajua maneno ya kanga aliyomnunulia mkewe. Tena huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, hata kimoja kikipotea kile kilichobaki chasema wazi kwamba mwenzake hayupo. Farasi nao hatuna, lakini tuna ng'ombe wa mahari. Katika mchezo wetu bwana arusi anatoka Bunda kupeleka ng'ombe wa mwisho kwa wakwe zake, na njiani ng'ombe huyo anakuta kanga imewekwa juu ya kichaka, anaitafuna kama atafunavyo ng'ombe aliyekosa chumvi. Mwenye kanga anatoka kichakani akiwa na kipande kimoja tu kiunoni.

Kuanzia hapo ni mbio. Bwana arusi anatafuta kanga hiyo katika maduka ya Bunda, hakuna. Anapanda gari kwenda Musoma, na arusi nzima inapanda nyuma yake pamoja na masufuria ya pilau. Wanashuka stendi ya Bweri, baba mkwe akidhani kanisa liko hapo. Wanafika sokoni, wanafika Mwigobero kwenye dagaa, kila mahali shangazi mmoja anaanza kuimba wimbo wa kumkaribisha bibi arusi na watu wanamshangaa. Mwuza kanga anasema doti ya mwisho ya namna hiyo ameinunua bwana mmoja wa Butiama. Wanarudi hadi Makutano, wanakata kwenda Butiama, na bwana huyo wa Butiama, mnajua tayari, ndiye mume wa yule mwanamke, ameketi uani na miguu katika beseni. Babu kiziwi anakuwa na furushi lake kwapani tangu mwanzo wa mchezo mpaka mwisho, na kila anapotaka kulifungua anaambiwa asubiri. Kwa kuwa sisi ni shule ya wasichana, wanaume wote ni wasichana wenye masharubu ya masizi, na ng'ombe ni wasichana wawili wa Kidato cha Kwanza ndani ya gunia. Yule wa nyuma amelalamika kwamba haoni kitu. Tumemwambia ndivyo ilivyo kwa wengi duniani.

Askari tulimwondoa wenyewe bila kuambiwa na mtu. Mwanamke wetu hakuwa kichakani na mwanamume. Alikuwa na wenzake wa upatu, siku ile ilikuwa zamu yake ya kupokea, na mumewe amemkataza upatu. Kamati iliyoteuliwa kuukagua mchezo wetu ilipendekeza awe alikwenda kusali. Hilo tulilikataa, nami nalikataa hapa pia. Mwanamke aliyekwenda kusali hana la kuficha, na asiyekuwa na la kuficha hatamkimbiza mtu kutoka Bunda hadi Butiama. Lazima awe amesema uongo kidogo.

Lakini pendekezo kubwa la Kamati, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba mume aondolewe. Wanasema kwamba Siku ya Wazazi baba zetu watakuwa wameketi mstari wa mbele, na hawatapenda kumwona mume na baba wa nyumba akichekwa na watoto wa shule, miguu yake ikiwa ndani ya maji. Badala yake pawe na mama mkwe mkali. Na kama hatukubali, basi tusicheze jukwaani. Tupigwe picha za video kwa simu ya Mwalimu, kisha kipande cha mume kikatwe, nayo ionyeshwe ukutani kama tulivyoonyeshwa ile ya Kifaransa.

Sina budi kusema kwamba nia ya Kamati si mbaya. Walimu hao ndio waliotupatia masizi na gunia. Tena shauri la video silichukii hata kidogo; nitaeleza mbele kidogo kwa nini nalipenda. Ila nataka kwanza niwaambie jambo lililotokea usiku ule wa sinema.

Mlangoni mwa jiko, nyuma yetu, alikuwa amesimama mama mmoja kati ya mama zetu wapishi. Alitazama mpaka mwisho. Sisi tulipokuwa tunatoka tukifuta machozi ya kucheka, mimi nikamwuliza, "Mama, umeionaje?" Akanijibu, "Nimeiona, mwanangu. Mnamcheka yule anayekimbia. Yule aliyebaki ndani anangojea kofia, mmemtazama?"

Nilikosa jibu. Kwa kweli sikuwa nimemtazama. Nilikwenda kulala nikamkumbuka jirani yetu wa Bunda nilipokuwa darasa la tano. Mama yule alikuwa mnene, na akichelewa kutoka mashine ya kusaga alikimbia njia nzima na ndoo ya unga kichwani, mkono mmoja ukishika ndoo na mwingine ukishika kanga. Alikimbia kwa namna ya ajabu. Sisi watoto tulikuwa tukimngojea njiani ili tumcheke. Siku nyingine usiku tulisikia sauti kutoka nyumba yao, na asubuhi mama yangu alipeleka maji ya moto kule, lakini sisi hatukuunganisha mambo hayo mawili. Unga uliokuwa ukimwagika njiani tuliuchezea. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hiyo si sababu ya kutosha.

Katika mkoa wetu jambo hili si siri, wala sidhani kwamba yupo msichana katika shule hii asiyejua nyumba moja ya namna hiyo. Basi nauliza: tukimwondoa mume, yule mwanamke anamwogopa nani? Tukimweka mama mkwe mahali pake, tutakuwa tumewafundisha wazazi wetu kwamba mwanamke anakimbia kwa sababu ya mwanamke mwenzake. Watu watacheka, naam, lakini watacheka kama tulivyocheka sisi kule Bunda, yaani watamcheka anayekimbia. Labiche hakufanya hivyo. Aliyeketi na miguu katika beseni ni mume. Yeye ndiye anayewatia watu mbio kutwa nzima, na ukimwona ana kwa ana ni mtu wa kuumwa miguu tu. Mchezo wote umejengwa ili tufike kwenye beseni lile. Ukilitoa, umebaki na gari la abiria linalozunguka wilaya tatu bila sababu.

Sikubali pia kwamba baba zetu watakasirika. Baba yangu mimi ni mkali, lakini najua atacheka kuliko wote, kwa maana atamtambua mtu fulani wa mtaani kwetu. Hapana baba atakayejitambua yeye mwenyewe mstari wa mbele. Labda baadaye, akiwa kwenye gari la kurudi nyumbani.

Kuhusu video, nasema hivi. Kamati imeiona sinema kuwa ni mkasi. Lakini katika ile sinema ya Clair iko sehemu moja ambayo jukwaani haiwezekani. Bwana arusi anacheza dansi na wageni wake, anatabasamu, na papo hapo tunaonyeshwa kilichomo kichwani mwake: anaona nyumba yake inavunjwa, viti vinatupwa dirishani. Uso wake unacheka na moyo wake unavunjika vyombo. Hapo Clair hakukata kitu. Aliongeza kile ambacho mtazamaji wa mwaka 1851 asingaliweza kukiona. Ila alituonyesha hofu ya mwanamume anayeogopa kupoteza viti. Hofu ya mwanamke hakutuonyesha, na ndiyo aliyoiulizia mama yetu wa jikoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kamati ni hili. Tucheze jukwaani Siku ya Wazazi, mume akiwa ndani na beseni lake. Kisha, mitihani yetu ya Kidato cha Nne ikikwisha, turuhusiwe siku mbili kabla hatujaondoka kuupiga mchezo huo huo katika video, na hapo ng'ombe awe ng'ombe wa kweli kutoka shamba la shule. Wakati bwana arusi na jamaa zake wanahangaika sokoni, kamera irudi ndani ya nyumba kwa mwanamke aliyeketi peke yake na kipande kimoja cha kanga. Tumwone anausikiliza mlango. Asiseme neno. Hata dakika moja yatosha. Kisha turudi sokoni, shangazi aanze tena wimbo wake mahali pasipo pake, na nitawauliza watazamaji kama hawakucheka zaidi kuliko kabla. Mimi naamini watacheka zaidi, maana sasa watataka kanga ipatikane kweli.

Wenzangu wawili katika Chama hawakubaliani nami. Wanasema dakika hiyo itakiua kichekesho, na kwamba mimi napenda mambo ya huzuni. Yawezekana. Tumekubaliana tuijaribu katika mazoezi ya Jumatano, na mwalimu yeyote anayependa kuona anakaribishwa saa kumi na nusu alasiri katika bwalo.

Kanga tumekwisha ipata. Nilikwenda jikoni kumwomba mama yule atuazime kipande kimoja cha zamani. Alikwenda kwake, akarudi na doti nzima, mpya, haijashonwa hata pindo. Kimoja, akasema, ni cha kutafunwa. Cha pili nihakikishe anarudishiwa yule mwanamke.

Msichana wa Kidato cha Nne